Jua Liko Juu ya Paa, Pikipiki Iko Barabarani

Sisi tulio katika kamati ya msikiti huulizwa mambo mengi yasiyohusu msikiti. Mwaka huu swali lililotufikia mara nyingi kuliko yote, baada ya swala ya Ijumaa, kwenye baraza za kahawa, hata tukiwa tumekaa msibani, ni hili: je, familia ya kijijini iliyo na paneli za jua juu ya bati inaweza kununua pikipiki ya umeme, ikaichaji hapo nyumbani, na kuachana na petroli moja kwa moja?

Anayeuliza aghalabu si mtu wa kupiga soga. Ni mzee anayefikiria kuuza sehemu ya mikorosho ili kijana wake apate kazi, au mama ambaye fedha zake za mchezo zinakaribia kumfikia. Kwa hiyo tumeona si vyema kumjibu kwa maneno ya matangazo. Tumeketi na mafundi wawili wa umeme wa jua, tukapiga hesabu pamoja na madereva wa bodaboda wa kijiji chetu kilichopo upande wa Kibiti, ndani kidogo ya barabara kuu iendayo Kilwa na Lindi. Jawabu tulilolipata ni kwamba jambo hili lawezekana kwa baadhi ya nyumba, na kwa nyingine haliwezekani. Kinachozitofautisha nyumba hizo, mbali na fedha, ni saa ambazo chombo kinakuwa kimelala nyumbani.

Kwanza tuseme kwamba habari yenyewe si ndoto. Ethiopia ilitangaza mwanzoni mwa 2024 kuzuia uingizaji wa magari madogo yasiyotumia umeme, kwa sababu mafuta yalikuwa yakimaliza fedha zake za kigeni. Mjini Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya zinazosajiliwa kwa kubeba abiria sharti ziwe za umeme. Kenya iliweka mwaka 2023 bei maalumu ya umeme kwa vyombo vya usafiri, nusu ya kawaida yake kwa anayechaji nyakati ambazo matumizi ya wengine yamepungua. Kwetu Tanzania, bajaji na pikipiki za umeme zimekwisha kuzoeleka Dar es Salaam. Lakini mji una vituo vya kubadilishia betri na mafundi kila kona. Kijijini, kituo ni paa lako mwenyewe.

Basi tuanze na hesabu, na tunamwomba msomaji asiiruke. Uniti moja ya LUKU ndiyo ile ambayo mafundi huiita kilowati-saa moja, yaani wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Pikipiki ya umeme ya kubebea abiria hutumia kiasi cha wati-saa 35 kwa kila kilomita, katika njia nzuri na mzigo wa wastani. Dereva anayekwenda kilomita 80 kwa siku atahitaji wati-saa 2,800, karibu uniti 3. Betri za pikipiki hizi nyingi huwa na ukubwa wa kiasi hichohicho, na uzito wake ni wa kubebeka na mtu mmoja mwenye nguvu.

Sasa tupande juu ya paa. Nchi yetu hupata jua jingi, na kwa kukadiria kipimo cha siku ya kawaida ni sawa na saa 5 za jua kali kabisa. Paneli mbili za wati 400 kila moja zingetoa wati-saa 4,000 kwa siku lau kama kila kitu kingekuwa kama kilivyoandikwa kwenye kibandiko. Hakiwi. Joto la bati hupunguza nguvu ya paneli, vumbi hupunguza, nyaya, inveta na chaja nazo hula sehemu yao. Ukiondoa thuluthi moja kasoro kidogo, zinabaki wati-saa 2,800. Kilomita 80 kamili. Madereva wetu walipoiona namba hiyo kwenye daftari walitabasamu, na mmoja akauliza paneli zinauzwa wapi.

Tulimwomba asubiri. Hesabu hiyo ni ya mwezi wa Septemba na njia kavu. Katika masika, mawingu yanapokaa wiki nzima, paneli hizohizo zaweza kutoa nusu tu. Na wakati huohuo tope na mchanga uliolowa huifanya mota ifanye kazi zaidi, na abiria hupanda mshikaki kwa sababu vyombo ni vichache, kila mmoja na kifurushi chake. Matumizi hupanda kufikia wati-saa 50 kwa kilomita. Wati-saa 1,400 zikigawanywa kwa 50 ni kilomita 28. Kutoka 80 hadi 28, kwa paneli zilezile na pikipiki ileile. Anayekuja kuuza chombo mwezi wa Agosti hatakuambia habari za Aprili.

Hata hivyo, masika hupita. Tatizo kubwa zaidi ni la kila siku, na hakuna tangazo lolote tulilolisikia likilitaja. Dereva wa bodaboda huondoka baada ya swala ya Alfajiri, akawahi wanafunzi na wanaokwenda hospitali, na hurejea baada ya Magharibi. Jua linapowaka juu ya paa lake, betri iko barabarani. Betri inaporudi nyumbani, jua limekwisha kuzama. Paneli zimekaa mchana kutwa zikitazama mbingu bila wa kumpa.

Wapo wanaosema: basi aweke betri kubwa nyumbani, ijazwe mchana, kisha usiku iijaze ya pikipiki. Yawezekana, lakini maana yake ni kununua betri mara mbili, na umeme kupungua kila unapohamishwa kutoka betri moja kwenda nyingine. Akitumia betri za kawaida za risasi, ambazo hazipendi kutumiwa chini ya nusu, atahitaji tatu za volti 12 na Ah 200 ili apate uniti 3 kwa usiku mmoja. Kila moja ina uzito wa zaidi ya kilo 50. Na zikifanyishwa kazi hiyo kila siku zitachoka baada ya mwaka mmoja au miwili, ilhali betri za lithiamu za aina ya fosfeti huvumilia kujazwa mara 2,000 na zaidi. Unafuu wa bei dukani hapa ni wa macho tu.

Njia ya pili ni kuwa na betri mbili za pikipiki, moja barabarani na moja juani, kisha kubadilishana. Hii ni nzuri kiufundi, lakini betri ndiyo sehemu ghali ya chombo chote. Njia ya tatu ndiyo tuliyoipenda, kwa kuwa haihitaji kununua kitu: kuyapanga upya masaa. Madereva wenyewe walitueleza kwamba kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri kijijini abiria ni wachache. Watu wako mashambani au kivulini. Dereva anayerudi nyumbani saa hizo, akaswali Adhuhuri, akala na watoto wake na kupumzika, ataacha pikipiki ikichaji katika saa ambazo paneli hutoa karibu nusu ya nishati ya siku nzima. Ni kama kilomita 40. Zilizobaki zitatoka kwenye umeme wa gridi usiku, kama nyumba inao. Kina mama tuliozungumza nao waliipokea rai hii kwa furaha kuliko waume zao, kwa sababu ambazo hatukuulizia sana.

Kuna nyumba ambazo hazina mgogoro huu kabisa. Mwalimu anayekwenda shule iliyo kilomita 6 na kurudi mapema hutumia wati-saa zisizofika 500 kwa siku, kiasi kinachoweza kutolewa na paneli moja tu. Mama anayepeleka muhogo na nazi kwenye gulio mara mbili kwa wiki kwa guta la umeme ana siku tano za kulichaji polepole. Fundi mwenye karakana nyumbani, mwenye duka, mfugaji wa kuku anayesambaza mayai asubuhi na kumaliza saa nne: vyombo vya hawa hulala mchana, na jua la paa lao ni mali yao halisi. Kwa maoni yetu, hawa ndio waliopaswa kutangulia kununua, lakini kijijini kila mtu hudhani pikipiki ya umeme ni habari ya vijana wa bodaboda.

Wenzetu wa Zimbabwe waliliona hili mapema. Katika wilaya ya Wedza, tangu 2019, taasisi iitwayo Mobility for Africa imewafikishia wanawake wakulima vyombo vya umeme vya magurudumu matatu vinavyoitwa Hamba. Wanawake hao hubeba mazao, maji na hata wagonjwa, na betri hubadilishwa kwenye kituo kinachochaji kwa jua. Kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, huko Mbita, vituo vya kampuni ya WeTu vilivyojengwa kuchaji taa za wavuvi kwa jua vilikuja kuchaji na vyombo vya usafiri. Katika sehemu zote mbili paneli ni za wengi, na betri husubiri juani wakati mwenyewe yuko kazini. Hilo tutalirejea mwishoni, kwani limetugusa.

Kwa nyumba zenye umeme wa TANESCO, tunataka kutoa angalizo ambalo wengi halijawafikia. Familia nyingi za vijijini zimo katika kundi la D1, ambamo anayetumia wastani wa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Pikipiki inayotumia uniti 3 kwa siku, kwa siku 26 za kazi, itakula uniti 78. Imekwisha kuvuka mpaka peke yake, kabla taa moja haijawashwa. Nyumba ikihamishiwa kundi la T1, bei ni shilingi 292 kwa uniti, na pamoja na kodi na tozo hufika karibu 356, kwa taa, redio na friji pia. Hata hivyo bado kuna faida: uniti 3 kwa bei hiyo ni kama shilingi 1,070, ilhali kilomita 80 kwa pikipiki ya petroli huhitaji lita 2, na tukikadiria lita kwa shilingi 3,000 ni shilingi 6,000. Kwa mwezi tofauti yake ni zaidi ya shilingi 120,000. Ile petroli ya chupa inayouzwa kwenye meza za kijijini ni ghali zaidi. Lakini mwenye nyumba ajue mapema kwamba bili ya LUKU itabadilika kwa kila mtu aliyemo ndani, asije akamshutumu mkewe kwa kupiga pasi.

Vipi kuhusu gari? Gari la umeme hutumia uniti 15 hadi 20 kwa kilomita 100, na kwa matumizi ya kawaida ya familia huhitaji paa la paneli nane au kumi. Magari ya mtumba kutoka Japani, hasa Nissan Leaf za mwanzo zilizokuwa na betri ya uniti 24, huvutia kwa bei. Betri za magari hayo hazina mfumo wa kuzipoza kwa maji, na joto huzichosha. Iliyobakiwa na asilimia 60 ya uwezo wake haitatoka Dar es Salaam ikafika Kibiti, umbali wa kilomita 130 na ushei, bila kusimama na kuchaji njiani. Ndugu yetu anayepanga kuja nalo kijijini wakati wa Idi apige kwanza simu.

Tukirudi kwenye pikipiki, liko swali moja ambalo tunawasihi wazazi waliulize kabla ya kutia saini: betri ni ya nani? Kampuni nyingi za mijini huuza pikipiki bila betri. Betri hubaki mali ya kampuni, na dereva hulipia kila anapoibadilisha kituoni. Mpango huo una hekima yake, kwani hupunguza bei ya mwanzo na hasara ya betri kuchoka huwa ya kampuni. Lakini baadhi ya pikipiki hizo haziruhusu kuchajiwa nyumbani, na chombo chaweza kuzimwa kwa mbali kupitia mtandao malipo yakichelewa. Kijana wa kijiji kilicho kilomita 60 kutoka kituo cha karibu akinunua chombo cha namna hiyo, atakuwa amenunua chuma cha kuegesha uani, hata paa lake lijae paneli.

Na kwa kuwa vyombo hivi huuzwa kwa mkopo, mkataba usomwe neno kwa neno. Mauzo ya malipo ya kidogokidogo yanaruhusiwa bei ikiwa imejulikana na haipandi. Nyongeza inayowekwa juu ya deni kwa sababu tu mdaiwa amechelewa ni riba, hata iitwe faini au ada ya usumbufu. Kukodi betri ni ijara, na ijara hutaka manufaa yajulikane, muda ujulikane na ujira ujulikane. Mkataba unaosema kwamba bei ya kubadilisha betri "itarekebishwa kadiri kampuni itakavyoona" una utata ambao mzazi mwenye busara hatauridhia. Zipo taasisi zinazouza kwa murabaha, ambapo taasisi hununua chombo kwanza kisha humuuzia mteja kwa faida iliyotajwa wazi. Hata hapo, lililo muhimu ni kuuliza kuhusu betri.

Kuhusu kununua paneli, mafundi wetu walitufundisha kipimo kimoja kisichohitaji kifaa zaidi ya futi ya fundi cherehani. Jua kali kabisa huleta karibu wati 1,000 katika kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri hugeuza kiasi cha moja ya tano yake kuwa umeme. Kwa hiyo paneli yenye ukubwa wa mita moja ya mraba haiwezi kutoa wati 400 hata ikiandikwa hivyo kwa wino wa dhahabu. Paneli ya kweli ya wati 400 ina ukubwa wa karibu mita 2 za mraba na uzito wa kilo 20 hivi. Pima kabla ya kulipa. Ukiifunga, iinamishe kidogo kuelekea kaskazini, kwani sisi tuko kusini mwa ikweta, na mwinamo huo utaifanya mvua iioshe. Iepushe na kivuli: kuti moja la mnazi likiangukiwa na jua kwa namna ya kutia kivuli pembeni mwa paneli laweza kupunguza nguvu ya mstari mzima wa paneli.

Betri ya lithiamu isichajiwe chumbani pa kulala, wala mlangoni ambapo ndipo pa kutokea, wala chini ya makuti. Ikishika moto haizimiki kwa ndoo ya maji, na moshi wake ni sumu. Mahali pake ni banda la matofali lenye hewa, mbali na kitanda cha mtoto. Chaja iwe ileile iliyokuja na chombo. Na kwa kuwa mota haina mlio, watoto wanaocheza njiani hawaisikii ikija. Dereva apige honi kwenye kila kona ya kijiji, hata kama wazee watalalamika.

Betri zikichoka, zisitupwe kisimani wala zisivunjwe na vijana ili kutoa risasi. Mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa ulikuwa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Wakazi, watoto wakiwamo, waliingiwa na sumu ya risasi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi ilikatiwa rufaa, na Mahakama ya Juu ikairejesha haki yao Desemba 2024. Kabla ya kununua betri, muulize muuzaji ataipokea vipi ikifa. Asiye na jibu, mwache.

Tulisema tutarejea kwenye paneli za wengi. Msikiti wetu una kisima kinachovutwa na pampu ya jua, waqfu wa mtu mmoja kwa ajili ya udhu na maji ya kijiji. Tangi hujaa saa nne asubuhi, na kuanzia hapo umeme hauna kazi hadi jua linapozama. Vijana sita wa bodaboda waliiandikia kamati wakiomba kuchaji hapo betri zao mchana. Baadhi ya wazee walikataa, wakisema kilichowekwa waqfu kwa ajili ya maji hakigeuzwi biashara. Wengine walisema umeme unaopotea haumnufaishi aliyetoa wala waliopewa. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito, nasi hatukutaka kuamua kwa kupiga kura. Kwa kuwa aliyeweka waqfu yu hai, tulimfuata, pamoja na imamu, tukamwuliza makusudio yake. Alijibu kwamba maji yatangulie, na kilichobaki kinufaishe watu, mradi msikiti usipate hasara.

Hivyo kamati imeafikiana kwamba pampu itapewa umeme kwanza, na swichi ya betri haitafunguliwa kabla tangi halijajaa. Kutakuwa na mita ndogo ya kuhesabu uniti, bei itabandikwa ukutani, na fedha zote zitaingia katika mfuko wa kutengeneza pampu. Hakuna betri itakayoingia msikitini wala barazani. Fundi amekwisha kupima mahali pa banda, upande wa kaskazini wa kisima. Matofali yamepatikana kwa kujitolea, na kilichobaki ni bati nne, mlango, na vijana wenyewe kuja Jumamosi kuchimba msingi.